Wahafidhina na maandamano: lini waingie barabarani, na kwa utaratibu gani

Haki ya Mtanzania kuandamana bila kwanza kupewa kibali na polisi ilipatikana kwa kesi ya mchungaji. Mwaka 1993 Mchungaji Christopher Mtikila alifungua shauri Mahakama Kuu, Dodoma. Pamoja na mambo mengine, alipinga vifungu vya sheria vilivyomlazimu raia kuomba kibali kabla ya kukusanya watu. Mwaka uliofuata Jaji Lugakingira aliamua kwamba sharti hilo linakwenda kinyume na Ibara ya 20 ya Katiba, kwa kuwa liliiweka haki ya kikatiba mikononi mwa afisa mmoja. Mwaka 1995 sheria ikabadilishwa: kibali kikaondoka, ikabaki taarifa.

Miaka 30 imepita, na watu wa ibada, wazee wa ukoo, wenye maduka madogo na kina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa ndio wanaoitumia haki hiyo kwa uchache kuliko wote. Jijini Mwanza, neno maandamano likitajwa kwenye halmashauri ya parokia, baraza la wazee wa kanisa au kamati ya msikiti, mazungumzo huishia hapo hapo: hayo ni mambo ya wanasiasa, ya vijana, ya watu wasio na kazi. Lakini watu hao hao wana malalamiko mazito. Mashine za kamari zimewekwa karibu na shule ya msingi. Baa inapiga muziki hadi alfajiri ikiwa ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Eneo la makaburi linamegwa kimya kimya. Wanalalamika baada ya ibada, wanalalamika msibani, kisha wanarudi nyumbani.

Jibu letu ni kwamba watu hawa, tunaowaita wahafidhina, waandamane zaidi ya wanavyofanya sasa, ila wasiige mtindo wa kuandamana kwa kila jambo. Waingie barabarani pale ambapo ombi lao linaandikika katika sentensi moja, ofisi yenye mamlaka ya kulitekeleza inajulikana, na milango mingine imekwisha kugongwa kwa maandishi. Sharti mojawapo likikosekana, maandamano huwagharimu wao kuliko yanavyomgharimu yeyote mwingine, maana mtaji wao mkubwa ni heshima, na heshima ya aina hiyo haijengwi upya kwa wiki moja.

Kwa nini wanabaki nyumbani

Tunaposema wahafidhina hatumaanishi chama fulani. Wapo CCM, wapo upinzani, na wengi hawana kadi yoyote. Ni watu wanaotaka mambo yabadilike polepole na kwa utaratibu, wanaothamini dini, ndoa, ukoo, mali iliyopatikana kwa jasho na mamlaka halali. Sababu zao za kukwepa barabara si woga peke yake, na anayewaita waoga hawaelewi.

Ya kwanza ni imani. Mkristo anakumbuka Warumi 13, utii kwa mamlaka iliyowekwa. Mwislamu anakumbuka wajibu wa kumnasihi kiongozi kwa staha, na wapo masheikh, hasa wa msimamo wa Kisalafi, wanaoyakataza maandamano moja kwa moja. Hoja hizi si za kubezwa. Lakini mamlaka ya leo imewekwa na Katiba, na Katiba hiyo hiyo inampa raia haki ya kukutana na kutoa mawazo hadharani, ndani ya mipaka iliyotajwa katika Ibara ya 30. Anayetoa taarifa polisi, akatembea katika njia aliyoitaja na kumkabidhi mkuu wa wilaya barua, haasi mamlaka. Anazungumza nayo kwa njia ambayo yenyewe imeiweka kwenye sheria. Kwa Waislamu wengi kuna pia wajibu wa kuamrisha mema na kukataza mabaya, na wajibu huo haujafungiwa ndani ya msikiti.

Ya pili ni kwamba wamezoea milango mingine, na mara nyingi hufunguka. Askofu anaweza kumpigia simu mkuu wa mkoa. Sheikh wa mkoa anaalikwa kwenye vikao. Mzee wa mtaa anamfahamu diwani tangu alipokuwa mtoto. Mwenye njia kama hizi haoni sababu ya kupiga kelele. Tatizo ni kwamba njia hizo ni za watu wachache wa juu. Zikikauka, au anayezishikilia akiamua kunyamaza, muumini wa kawaida wa Igoma au Buswelu anabaki hana lolote.

Ya tatu ni hatari yenyewe, na hapa hatutazunguka. Mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa tangu 2016, na Rais Samia Suluhu Hassan akaondoa zuio hilo Januari 2023. Januari 2024 Chadema waliandamana Dar es Salaam chini ya ulinzi wa polisi, na Februari wakaandamana Mwanza, watu wakarudi makwao salama. Septemba mwaka huo huo maandamano mengine yakapigwa marufuku na viongozi wakakamatwa. Kisha ikaja Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu: maandamano yalizuka Dar es Salaam, Mwanza na miji mingine, watu waliuawa, intaneti ikazimwa, na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka usiku. Idadi ya waliokufa bado inabishaniwa. Familia zilizofiwa hazihitaji mabishano ili kujua zimepoteza nani. Mtu anayewaza kuita watu barabarani Mwanza leo lazima abebe kumbukumbu hiyo kichwani. Yote yanayofuata yanahusu maandamano madogo, ya jambo moja la mtaani, yaliyotolewa taarifa, yasiyo ya chama. Polisi wakiyazuia, yaahirishwe.

Si jambo la kigeni

Anayesema maandamano si desturi yetu aangalie kalenda ya ibada. Jumapili ya Matawi, Wakristo hutembea barabarani na matawi. Sikukuu ya Ekaristi Takatifu, Wakatoliki huzungusha Sakramenti mitaani kwa nyimbo, uvumba na watoto wanaomwaga maua. Wakati wa Maulidi, madrasa hutoka na bendera na dufu. Hayo yote ni maandamano, na Wakatoliki huyaita kwa jina hilo hilo. Wanaoyaendesha wanajua kupanga safu, kusubiri wazee na kupisha magari. Parokia moja ya Nyakato ina ujuzi wa kuongoza watu elfu moja barabarani ambao vikundi vingi vya siasa havina.

Historia ya Kanda ya Ziwa nayo ipo. Mwaka 1958 watu wa Geita walikataa baraza la wilaya la mseto wa rangi walilowekewa na Waingereza. Matawi ya TANU yalikuwa yamenyimwa nafasi Usukumani tangu 1954, kwa hiyo wengi wa waliotoka walikuwa wakulima na wafugaji wa kawaida. Walikuja hadi Mwanza kumwona mkuu wa jimbo, na mwishowe wakatawanywa kwa mabomu ya machozi. Hawakuwa na mpango wa kujenga dunia mpya. Walikuwa wanalinda namna yao ya kujiongoza dhidi ya kitu kilicholetwa kutoka juu, na hiyo ni sababu ya kihafidhina kabisa.

Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere mwenyewe alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuunga mkono Azimio la Arusha, na mkutano mkuu wa TANU ukafanyika hapa. Wazee wanaosema leo kwamba kutembea barabarani ni uhuni, baadhi yao walitembea mwaka ule au walisimama kando ya njia wakishangilia.

Wengine walivuna nini

Wahafidhina wa nchi nyingine wameandamana sana, na matokeo yao yanatofautiana kwa sababu zinazoeleweka.

Ufaransa inatoa funzo zuri kuliko nchi zote, kwa sababu ilijaribu mara mbili. Juni 24, 1984 umati uliokaribia au kupita milioni moja, kutegemea nani alihesabu, ulijaa Paris kutetea shule binafsi, nyingi zikiwa za Kikatoliki, dhidi ya muswada wa kuziingiza katika mfumo wa serikali. Julai, Rais Mitterrand aliuondoa muswada huo, na waziri mkuu akajiuzulu. Januari 13, 2013 umati mwingine mkubwa uliingia Paris kupinga sheria ya ndoa za jinsia moja: polisi walihesabu 340,000, waandaaji wakasema 800,000. Aprili mwaka huo bunge likaipitisha sheria, na Mei ikatiwa saini.

Tofauti ni nini? Mwaka 1984 suala lilimgusa mzazi wa kila chama aliyetaka mtoto wake abaki katika shule fulani, na serikali ilikuwa imetoka kupigwa vibaya katika uchaguzi wa Bunge la Ulaya wiki moja tu kabla. Ilikuwa na cha kupoteza. Mwaka 2013 rais alikuwa ameahidi sheria ile kwenye kampeni, alikuwa na wabunge wa kutosha, na wengi wa walioandamana hawakuwa wapigakura wake. Waliotembea Paris miaka hiyo miwili walikuwa wengi mara zote mbili. Kilichobadilika ni hali ya yule aliyekuwa akiombwa.

London, Septemba 22, 2002, watu zaidi ya 400,000 wa vijijini waliandamana kwa utulivu wa kupigiwa mfano kutetea uwindaji na maisha ya mashambani. Sheria ya kupiga marufuku uwindaji wa kutumia mbwa ikapitishwa 2004 hata hivyo, kwa sababu ile ile: chama tawala hakikutegemea kura zao. Marekani, matembezi ya kutetea uhai wa mtoto aliye tumboni yalianza Washington Januari 1974, mwaka mmoja baada ya uamuzi wa mahakama wa 1973 uliohalalisha utoaji mimba, na yakafanyika kila mwaka. Uamuzi ule ulitenguliwa Juni 2022. Matembezi peke yake hayakuutengua. Kazi hiyo ilifanywa na kura, na uteuzi wa majaji, na wanasheria. Kilichofanywa na matembezi ni kuwaweka watu pamoja kwa karibu miaka 50 bila kukata tamaa, na hilo si dogo.

Jirani zetu wa Kinshasa walilipa zaidi. Februari 16, 1992 Wakatoliki na Wakristo wengine walitoka makanisani na misalaba na mishumaa, wakitaka Mkutano wa Taifa wa kujadili mageuzi ya kisiasa, uliosimamishwa, ufunguliwe tena. Askari wakafyatua risasi, makumi wakafa. Aprili mkutano ulifunguliwa. Tunautaja ushindi huo pamoja na gharama yake, kwa sababu kuna wahubiri wanaopenda kusimulia ushindi peke yake.

Sheria inasemaje

Kifungu cha 43 cha Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, kinamtaka anayeandaa mkusanyiko au maandamano mahali pa umma apeleke taarifa ya maandishi kwa afisa wa polisi anayesimamia eneo, si chini ya saa 48 kabla. Taarifa itaje mahali, muda na madhumuni. Baada ya hapo unaweza kuendelea, isipokuwa ukipokea amri ya kuzuia. Afisa naye hazuii kwa kutopenda tu: anatakiwa aridhike kwamba mkusanyiko una lengo lisilo halali au unaweza kuvunja amani na usalama wa umma. Aliyezuiwa anaweza kukata rufaa kwa waziri anayehusika na mambo ya ndani.

Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Kivitendo, barua ya zuio huja mara nyingi ikitaja taarifa za kiintelijensia bila kuzieleza, na huja jioni ya kuamkia siku yenyewe, wakati rufaa haina tena nafasi. Ndiyo maana saa 48 zichukuliwe kama ukomo wa chini tu. Peleka siku 10 kabla. Zuio likija siku ya tatu, unazo siku saba za kuomba ufafanuzi, kubadilisha njia au kukata rufaa. Likija usiku wa mwisho, unao ushahidi kwamba uliwapa muda wa kutosha.

Kwa Mwanza kuna kosa linalorudiwa. Jiji kwa macho ni moja, lakini kiutawala ni wilaya mbili, Nyamagana na Ilemela, na kila moja ina mkuu wake wa polisi, maarufu kama OCD. Njia inayoanzia Mabatini na kuishia Viwanja vya Furahisha inavuka kutoka Nyamagana kwenda Ilemela. Ukipeleka barua kwa OCD mmoja, msafara utasimamishwa mpakani na askari ambao hawana taarifa zako, nao watakuwa sahihi. Peleka barua mbili, na nakala kwa Kamanda wa Polisi wa Mkoa. Rahisi zaidi, chora njia isiyotoka nje ya wilaya moja.

Barua yenyewe iwe ukurasa mmoja: tarehe, saa ya kuanza na ya kutawanyika, njia kwa majina ya barabara, makadirio ya watu, madhumuni kwa sentensi moja, majina matatu ya waandaaji na namba zao, na nani atapokea risala. Piga nakala mbili. Moja ibaki, nyingine irudi na muhuri wa mapokezi, saini, tarehe na saa. Bila muhuri huna taarifa uliyotoa, una karatasi uliyoacha mezani. Mapokezi wakikataa kugonga muhuri, tuma kwa njia inayoacha kumbukumbu, na uandike jina la afisa na saa uliyofika.

Jambo la kutafakari mapema ni jina la mwandaaji. Taasisi nyingi za dini zimesajiliwa chini ya Sheria ya Vyama, na usajili huweza kufutwa kwa madai ya kutoka nje ya malengo yake. Juni 2025 kanisa la Askofu Josephat Gwajima lilifutiwa usajili baada ya yeye kukemea utekaji wa watu, ingawa baadaye mwaka huo liliruhusiwa kufungua milango. Aliyekuwa mbunge wa chama tawala hakusalimika, sembuse kanisa dogo la Kishiri. Taarifa ya polisi iandikwe na raia watatu hadi watano kwa majina yao, wakazi wa eneo husika, bila nembo ya taasisi. Kiongozi wa dini aje kama mkazi.

Kwa mfano wa kamari

Chukua tatizo linalojulikana mitaa mingi: mashine za kamari za sarafu, madubwi, zimewekwa kibandani mita chache kutoka geti la shule. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003 haimruhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza. Ukisema "tunaitaka serikali ikomeshe kamari", hujaomba chochote ambacho ofisi yoyote inaweza kukitekeleza. Leseni ya mashine hutolewa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Leseni ya biashara ya kibanda iko halmashauri, Jiji la Mwanza kama ni Nyamagana, Manispaa kama ni Ilemela. Usalama uko kwa mkuu wa wilaya. Ombi linalotekelezeka linasomeka hivi: mkurugenzi asihuishe leseni ya kibanda fulani, na mkuu wa wilaya aitishe ukaguzi wa mashine zilizo karibu na shule tatu zilizotajwa kwa majina, ndani ya siku 30.

Kabla ya hapo, kuna hatua za maandishi. Suala lijadiliwe kwenye mkutano mkuu wa mtaa na muhtasari uchukuliwe. Mtendaji wa kata aandikiwe, diwani aombwe alifikishe kwenye kamati ya maendeleo ya kata. Mwalimu mkuu atoe idadi ya watoto waliokutwa huko, bila majina yao. Bodi iandikiwe barua. Kila barua ipewe siku 21 za kujibiwa. Mara nyingi kazi huishia hapa, kibanda kikaondoka bila mtu kutembea hatua moja, na hilo ni jema. Kama halikuisha, sasa una bahasha yenye barua zisizojibiwa, na bahasha hiyo ndiyo sababu ya kuandamana. Afisa anayekutana na wazee 300 wenye barua zenye mihuri ana kazi ngumu ya kuwaita wahuni.

Siku ya kuandamana inahitaji hesabu kidogo. Ijumaa Waislamu wana swala, Jumamosi Waadventista wana Sabato, Jumapili wengine wana ibada na ofisi zimefungwa. Kwa msafara wa dini mchanganyiko zinabaki siku za katikati ya wiki. Jumatano au Alhamisi, saa 2:30 hadi saa 4:30 asubuhi, afisa yupo ofisini, jua halijawa kali, na mwenye duka hapotezi siku nzima.

Watu 600 wakitembea wanne wanne ni safu 150. Safu ikichukua mita moja na nusu, msafara una urefu wa mita 225. Kwa mwendo wa kilomita 3 kwa saa, ambao bibi wa miaka 70 anaumudu, msafara wote unapita sehemu moja kwa dakika nne na nusu. Huo ni muda ambao trafiki anaweza kuzuia magari kwenye mzunguko bila foleni kufika mbali. Wakiwa 1,200 inakuwa mita 450 na dakika tisa, na hapo foleni inaleta honi, matusi na bodaboda wanaojipenyeza katikati. Ikiwa mtakuwa wengi kiasi hicho, gawanyeni makundi mawili yenye nafasi ya dakika tano kati yao. Njia isizidi kilomita 3, na miinuko ya mawe ya Mwanza iepukwe: kupanda kuelekea Isamilo kutawaacha wazee nyuma ndani ya dakika 10.

Wasimamizi wawe mmoja kwa kila watu 40, yaani 15 kwa watu 600, na zaidi ya hao wanne mbele, wanne nyuma na wawili kila makutano. Wavae vizibao vya reflekta, wasiwe vijana watupu. Mama wa makamo anayefahamika mtaani anamtuliza kijana mwenye hasira haraka kuliko kijana mwenzake. Maji nusu lita kwa kila mtu, wauguzi wawili, gari moja nyuma kwa wanaochoka. Wanafunzi wenye sare wasiwemo kabisa, hata kama jambo linawahusu. Picha ya mtoto karibu na askari itafuta kila kilichoandikwa kwenye risala.

Kinachoharibika, na kwa nini

Msafara kukatika katikati ndilo kosa la kwanza. Wanaotangulia ni wenye nguvu, wanaimba, wanakazana. Wazee wanabaki. Pengo la mita 80 likifunguka, magari yanaingia, na sasa una makundi mawili, moja likiwa halina kiongozi. Dawa ni kuwaweka wazee na walemavu safu ya kwanza. Mwendo wao uwe mwendo wa wote, na hakuna anayeruhusiwa kuwapita.

La pili ni fulana. Mtu mmoja akija na fulana ya chama chochote, picha itakayosambaa ni yake. Msimamizi amwombe kwa upole aivae kwa ndani au atembee kando. Akikataa, mwendo usimame hadi atoke, hata kama ni dakika 20. La tatu ni kipaza sauti kushikwa na asiyejulikana. Kiwe kimoja, kwa mtu mmoja, na maneno yawe yameandikwa. Mabango nayo yakaguliwe asubuhi: ombi ndiyo, jina la mtu na tusi hapana.

La nne linaumiza zaidi: kufika na kukuta mpokeaji hayupo. Umati uliotembea saa nzima hauwezi kuambiwa tu urudi. Mpokeaji athibitishwe kwa maandishi siku tatu kabla, na pawe na wa pili. Akikosekana kila mtu, risala isomwe hapo hapo mbele ya waandishi wa habari, ipelekwe masijala na watu watatu, muhuri ugongwe, watu wasali na kutawanyika kwa saa iliyoandikwa kwenye taarifa. Kukaa zaidi ya saa hiyo ni kumpa afisa sababu aliyokuwa hana. Akitokea mrusha mawe, wote waketi chini. Anayebaki amesimama anaonekana.

Kuna pia kosa la nia, ambalo hakuna msimamizi anayeweza kulirekebisha barabarani. Umati wa watu wema wanaolinda maadili unaweza kugeuka haraka kuwa umati unaomtafuta jirani. Usukuma unalijua hili. Sungusungu lilianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kama ulinzi wa jadi dhidi ya wezi wa mifugo, na mahali pengine likageukia vikongwe walioshukiwa uchawi. Kwa hiyo kipimo chetu ni kikali: maandamano yaelekezwe kwa ofisi, kamwe yasielekezwe kwa nyumba ya mtu, hata kama mwenye nyumba ndiye mwenye baa. Msafara usipite mlangoni kwake. Anayetaka upite huko hana ombi, ana kisasi.

Baada ya barabara

Maandamano yasiyofuatiliwa ndani ya wiki mbili yamekufa. Siku ya pili, waandaaji waandike barua ya kushukuru polisi na kumkumbusha mpokeaji tarehe ya siku 30. Siku ya 14, watu watatu waende kuuliza limefikia wapi. Siku ya 30, kama hakuna jibu, kuna mlango ambao wahafidhina wengi wa Mwanza hawajawahi kuutumia: baraza la madiwani hukutana hadharani kila robo mwaka, na mwananchi anaruhusiwa kuingia na kusikiliza. Wazee 40 walioketi kimya kwenye viti vya nyuma, wakiwa na nakala ya risala mkononi, wanaonekana na kila diwani anayesimama kuzungumza. Ratiba ya vikao inapatikana kwa katibu wa baraza, kwenye ofisi ya mkurugenzi, na diwani wa kata anaweza kuombwa aulize swali la papo kwa papo juu ya kibanda kile kile kilichotajwa kwenye barua ya kwanza.